Kurasa za Mwisho

Chama cha wasomaji kilikuwa na nakala moja tu ya riwaya ile, na kila aliyeimaliza alitia saini ndani ya jalada. Saini ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti, Bwana Sekibo. Bi Tunu peke yake hakuwa ametia yake.

"Kanuni ni kanuni, Bi Tunu," alisema mwenyekiti, akifungua daftari la wanachama ili alifute jina lake. "Asiyemaliza kitabu hana kiti hapa."

"Sikuweza kuufikia mwisho, Mwenyekiti."

"Hukuweza?" Mzee Kaduma alicheka. "Mjane anarudisha ufunguo, basi! Kuna kigumu gani hapo?"

"Harudishi," alipinga Bi Zamda. "Anautupa kisimani. Mimi nililia, Kaduma. Wewe ulisoma kitabu gani?"

Mwenyekiti alishangaa. Alikumbuka waziwazi kwamba mjane aliuvaa ufunguo ule shingoni. Akakichukua kitabu ili awasomee. Kurasa nane za mwisho zilikuwa zimeshikana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyewahi kuzikata.

Alizipapasa mara mbili. Uzi wa ufunguo ulikuwa mwekundu, angeweza kuapa.

"Tusomee basi, Mwenyekiti," Bi Zamda alihimiza.

Bi Tunu alichukua kisu kidogo kwenye sahani ya machungwa, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akamsogezea taratibu, mpini mbele.

Mwenyekiti alikishika. Daftari lilikuwa bado wazi, na kalamu yake imelala juu ya jina la Bi Tunu.