Kitambaa cha Zambarau

Fundi Siwema alizungusha futi kiunoni mwa Mama Nuhu, akatazama namba, akapima tena. Halafu akampima na mkono, juu ya kiwiko.

"Andika basi, shoga. Nimenenepa, najua," Mama Nuhu alisema akicheka. "Majirani wananiuliza kama nimebeba mimba na uzee huu."

Siwema hakucheka. Alifungua daftari lake, pale alipoandika vipimo vya gauni lake la Idi iliyopita. Tangu hapo tumbo lilikuwa limeongezeka inchi tano, na mikono ilikuwa imepungua.

"Mtu akinenepa hunenepa na mikono, dada. Unakula?"

"Vijiko viwili tu, nimeshiba. Ni gesi hii. Nakunywa tangawizi."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mpunga." Mama Nuhu akashusha sauti. "Na haja ndogo hainipi nafasi. Nikaona ni utu uzima."

Siwema akaweka futi mezani.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Wakupige picha ya tumbo, waangalie na mifuko ya mayai. Huenda ni gesi kweli. Huenda ni saratani ya mifuko hiyo, nayo huanza kwa dalili kama hizi. Tujue mapema."

"Na harusi ya mwanangu wiki ijayo?"

"Kitambaa cha gauni lako sikikati mpaka turudi."

Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimetandazwa mezani, mkasi juu yake. Mama Nuhu aliuondoa mkasi, akakikunja kitambaa mwenyewe, pole pole, pembe kwa pembe, akakaa nacho mapajani.

"Saa ngapi?" akauliza.