Mbeleko ya Ukoo

Mama mkwe alikataa kiti. Alisema amefuata mbeleko, ile nguo ya kubebea mtoto aliyompa Mwantumu siku ya harusi, maana mke mdogo amejifungua.

"Usinifikirie vibaya, mwanangu. Kitu cha ukoo hakiwezi kuozea sandukuni."

Mwantumu aliitoa. Ilikuwa imekunjwa vilevile, bado inanukia udi. Miaka kumi na miwili mumewe, Shaweji, alimwambia wasubiri, wamalize nyumba kwanza. Nyumba ilipokwisha, Mwantumu alikuwa na miaka arobaini na minne, na daktari akamwambia umri umeshamtupa mkono. Shaweji hakusubiri hata mwezi, akaoa.

"Mwanao ndiye aliyenisubirisha, mama."

"Mwanamume hana haraka. Wewe ndiye ulipaswa kukumbuka umri wako."

Mwantumu aliikunjua mbeleko, akaizungusha mgongoni, akakaza fundo kifuani. Kisha akachukua ufagio, akainama kama wainamavyo wenye watoto mgongoni, akaanza kufagia sakafu ya marumaru, taratibu, kuelekea miguuni pa mgeni wake. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mkono wake ungali umenyooshwa kuipokea mbeleko.