Kiganja cha Kushoto

"Mkojo wa njano, Mwanakombo! Kiharusi kinatoka!" Mzee Faki alitoka msalani akishangilia huku akiburuta mguu. "Hizi vitamini B zinanitosha. Dawa ya presha sinywi tena."

Mkewe akacheka. "Baba Riziki, jana nilizimeza hizo vitamini zako. Mkojo wangu nao njano. Mie nina kiharusi gani cha kutoka?"

Mzee akajibwaga kitini.

"Na kikikurudia, nitakubeba na nani?" Akamwekea kidonge cha presha kwenye kiganja cha kushoto, cha ule mkono uliolala tangu augue.

Kidole kimoja kikatikisika. Kikajikunja.

"Mume wangu, mkono!"

"Nyamaza, usiutishe!"

Wakakodoa macho, vidole vikikizunguka kidonge polepole.