Risasi ya Mzee Thani

"Nnataka isiweze tena kula risasi hizi," Mahfoudh alisema, akaisukuma bastola mbele ya fundi. "Ibadilishe. Iwe ya risasi nyengine."

Thabit, fundi wa bunduki wa sokoni Matrah, huku Maskati, alifunua kitambaa akapiga mluzi. Ilikuwa bastola ya kulengea shabaha, ya kujipakia yenyewe, mpini wake wa mbao umechongwa kufuata kiganja cha mwenyewe. Zamani, Unguja, Mahfoudh alishindia vikombe klabuni kwa bastola hii.

"Kitu kizuri hivi unakiharibia nini, bwana?" Thabit aliuliza. Ujana wake aliumaliza Wete, na Kiswahili bado kilikuwa kinamtoka vizuri.

"Risasi zake hazipatikani hapa."

"Hilo kweli. Na zenyewe za kuchezea tu. Zinatoboa karatasi, basi. Mlango wa mvule ukiupiga, risasi inabaki humo humo kwenye mbao."

Mahfoudh akacheka, cheko la mtu anayeumwa na jino. Mlango! Fundi wa watu angelijua anazungumza na nani.

Usiku wa Mapinduzi, mwaka wa sitini na nne, alisimama ukumbini kwake kule Unguja, taa imezimwa, bastola hii mkononi. Nje bunduki zinalia na watu wanapiga mayowe. Mara mtu akabisha. "Hodi!" Sauti imekauka, haitambulikani. "Hodi!" Mahfoudh akafyatua kuuelekea mlango. Hodi ya tatu haikuja. Alfajiri majirani wakamkuta Mzee Thani, baba mkwe wake, amelala chini ya baraza, ana risasi kifuani. Maskini, mzee alikuja kujificha kwa bintiye! Kwa bunduki zilizokuwa zikilia usiku ule, hapana aliyejua kuwa Mahfoudh naye amefyatua.

Ishaq, mtoto wa kiume wa marehemu, alimwomba shemeji yake wamwoshe maiti pamoja. Mahfoudh akasema hawezi, moyo wake hauwezi. Ishaq akamwosha peke yake, akaitoa ile risasi, akaiweka. Mahfoudh hakuiona, wala hakutaka kuiona.

Tangu hapo hodi haiitikii. Alidhani akija Maskati atapumzika, kumbe watu wa huku nao wakifika mlangoni husema "hud, hud", na kila mara roho inamruka. Siku nyengine anaisikia hodi, hodi, kwa sauti ile ile iliyokauka, na barazani hamna mtu. Rahila, mkewe, hutoka kutazama, akarudi akamkalia karibu kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Alimpenda mwanamke huyu kuliko nafsi yake, na alikuwa amemuua baba yake.

Na sasa Ishaq anakuja. Mwaka huu wa sabini nchi hii ya Maskati imefunguka, watu wa Unguja wanarudi huku kutoka kila pembe, na habari zake zimemtangulia kutoka Dubai. Anazunguka na ile risasi ya babake. Kila Mzanzibari mwenye bastola, Ishaq humwomba aijaribishe kwenye mtutu wake, apate kumjua muuaji.

Kuitupa bastola baharini? Thubutu! Rahila mwenyewe ndiye aliyeitoa Unguja, ameifunga tumboni chini ya kanga, na Ishaq anajua ipo. Leo ikipotea, Mahfoudh atakuwa amekiri kwa kinywa chake.

"Nnaweza," Thabit alisema baada ya kuigeuzageuza. "Nnayo mbovu ya kiwanda hicho hicho, ya risasi nene. Mtutu wake mzima, na kikasha cha risasi pia kizima. Nitavihamishia humu. Kwa nje hapana atakayejua imeguswa."

"Na mtutu wa zamani?"

"Unautaka?"

"Uyayushe," Mahfoudh alisema. Thabit alimtazama kidogo, kisha akaifunika bastola kwa kitambaa chake.

Ishaq alifika Ijumaa, baada ya sala. Rahila aliweka halwa na kahawa, akalia, akacheka, akalia tena, huku amemshika kaka yake mashavu. Ishaq alikuwa amekonda, na halwa hakuigusa.

"Shemeji, unajua nilichokujia."

"Nnajua."

"Kwako naona haya kuliko kwa wote. Lakini nimeapa sitomruka mtu."

"Haya ya nini, Ishaq? Hapa kwenu." Mahfoudh akamgeukia mkewe. "Mletee."

Rahila akaileta bastola, akaiweka juu ya mkeka mbele ya kaka yake. "Jaribisha, roho yako itue. Kisha tule." Akakaa pembeni mwa mumewe, akamwekea mkono begani.

Mahfoudh alikunywa kahawa yake bila kumwaga hata tone. Ile risasi nyembamba itapwaya ndani ya mtutu huu mpana, itaanguka mkekani, na Rahila atabaki wake. Atakaa na dhambi yake peke yake mpaka kaburini, lakini mke atakuwa naye.

Ishaq akafungua leso. "Niliitoa kwa mikono yangu hii," alisema.

Ilikuwa nene kama ncha ya kidole cha mwisho.

Mahfoudh akaitazama, akaitazama tena. Mtutu wa zamani wa bastola yake usingeliweza kuitema risasi ile hata siku moja. Isingelipita! Basi si yeye. Ya Rabbi, miaka yote hii, si yeye! Machozi yakamlenga, akafungua mdomo apate kusema alhamdulillahi.

Ishaq aliiweka risasi kwenye mdomo wa mtutu, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia sawasawa, wala haikupwaya.

Rahila akautoa mkono wake begani mwa mumewe.