Daftari la Waliofika

Uthmani alikuwa anakunywa chai ya nne asubuhi ile, wala hakuwa na kiu. Alitaka wifi tu.

Tangu alipofika Gitega kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Aingie mgahawani, hotelini, au kwenye duka la kupiga picha; aagize kitu; aombe wifi; afungue tovuti ya misiba ya kwao Muyinga. Hapo namba ya mahali alipoketi ingejitokeza kwenye ukurasa, naye ailinganishe na ile aliyoiandika kwenye kikaratasi. Hazikufanana. Akalipa, akatoka.

Tovuti ile ilimchukiza. Aliitengeneza Twaha, jirani yao, ili watu walio mbali wapate kutoa rambirambi. Hapo hakuna ubaya. Lakini Twaha alitaka iwe kama matanga yenyewe, ambako daftari hukaa mlangoni na kila aliyefika huandikwa. Basi chini ya kila tangazo akaweka orodha ya waliofika: anwani ya IP ya kila aliyefungua, mji alipo, na saa. Peupe, asome anayetaka.

"Ni heshima ya marehemu," Twaha alimwambia. "Watu waone ni nani iko na huzuni."

"Umevua watu nguo barabarani, sha, alafu unaita heshima?"

Twaha akacheka tu. Aliona sifa.

Wiki iliyopita alifariki Bibi Riziki, na katika rambirambi zake ukatokea ujumbe usio na jina: *Bibi, nisamehe. Sikuja kukuosha.* Muyinga nzima ilijua mwandishi ni Nadia, mjukuu aliyelelewa na bibi huyo. Nadia alitoroka miezi saba nyuma, mkono umefungwa plasta, baada ya mumewe Sefu kumwahidi kwamba safari ijayo itakuwa shingo. Hakuna aliyejua alikokimbilia. Sasa kwenye orodha, mbele ya saa ileile ya ujumbe wake, iliandikwa namba, na pembeni yake: Gitega.

Sefu alikuwa kaka mkubwa wa Uthmani, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Siku ya hitima Sefu alikuja na kanzu ya pasi, akapokea pole za watu kama mkwe mwema. Uthmani alimtazama akimenya ndizi, akaisukuma sahani yake kando. Twaha alipoanza kuisifu tovuti yake mbele ya sinia, Uthmani akashindwa kuvumilia.

"Huu ni uchafu!" alifoka. "Mutu akitaka kumupata mwenzake, si anazunguka tu, anaomba wifi kila mahali? Namba ikifanana, amefika! Hata mutoto anaweza!"

Twaha akanuna. Wazee wakainamia sahani zao.

"Kumbe," alisema Sefu, akaendelea na ndizi yake.

Usiku ule Uthmani hakupata usingizi. Kama yeye ameweza kuisoma namba ile, kuna siku Sefu naye ataisoma. Hakumwambia mtu anakwenda wapi. Alipanda basi la kwanza.

Na sasa, baada ya chai ya nne, alikuwa mtaa wa Yoba, kwenye karakana ya kushona ya Martha, mama aliyekulia Tanzania. Alileta suruali ipunguzwe, akaketi kwenye benchi la wateja. Martha akamtajia neno la siri la wifi bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Uthmani akafungua ukurasa. Akaisoma namba tarakimu moja moja, kidole kwenye kikaratasi.

Ilikuwa ileile.

"Mama, mi natafuta Nadia."

"Hapa hakuna Nadia."

Lakini pazia la chumba cha nyuma likasogea. Nadia alikuwa ameitambua sauti.

"Shemeji? Sefu ndiye amekutuma?"

"Apana. Mi nimekuja peke yangu. Zima simu kwanza."

Akaizima, akaitia kwenye mkebe wa vifungo. Martha naye akaingia, na huko nyuma ya pazia Uthmani akawaeleza: wote wanaotumia wifi moja hubeba namba moja, na tovuti ya Twaha inaianika.

"Kukupata imenichukua asubuhi moja tu," alisema. "Leo unahama."

"Niliandika mstari mmoja," alisema Nadia. "Hata jina sikuweka. Nilikuwa namlilia bibi yangu." Akafuta viganja kwenye kitenge chake, akafuta tena, kana kwamba ameshika kitu kilichooza. "Na wao wakanihesabu."

Martha hakupoteza muda. Dada yake alikuwa na shamba Bukirasazi, na huko wifi hakuna. Wangeondoka baada ya adhuhuri. Mteja akabisha hodi mbele. Martha akatoka, akapokea koti la kushonwa, akataja neno la wifi kama anavyowatajia wote, akarudi kumsaidia Nadia kufunga nguo.

"Nionyeshe," Nadia akasema. "Nataka kuiona."

Uthmani akamsogezea simu. Ukurasa ulikuwa bado wazi, na orodha ilikuwa inajiongeza yenyewe kila mtu alipofika. Mstari wa mwisho: namba ya karakana, Gitega, saa tano na dakika mbili.

"Huyu ni mimi, wakati nimeketi pale kwenye benchi."

Nadia akaukodolea macho mstari ule. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Uthmani akavuta pumzi ya raha. Alikuwa amemuwahi.

Kisha, chini ya mstari wake, ukashuka mwingine. Namba ya karakana. Gitega. Saa tano na dakika ishirini.

Uthmani akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Simu ya Nadia ilikuwa mkebeni, imezimwa. Ya Martha ilikuwa ya tochi, haina mtandao.

Kutoka kwenye benchi, ng'ambo ya pazia, mtu alisema taratibu:

"Kumbe."