Dole Gumba la Mzee Ngeleja

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Ngeleja ndiyo kwanza alikuwa anazinduka, ulimi mzito kwa dawa ya maumivu. Nikamwambia ninachowaambia wagonjwa wote, maana mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa hospitali: hakuna daktari atakayekukata mguu bila wewe mwenyewe kuelezwa na kukubali kwa kutia dole gumba kwenye fomu.

"Sikubali. Ng'ombe nitawachungaje?"

Akautoa mkono chini ya blanketi ili anishike. Dole gumba lilikuwa la bluu, wino bado mbichi, umechafua hadi shuka.

Tukalitazama wote wawili.

Mlangoni alisimama mwanawe mkubwa, akifuta vidole vyake kwa kitambaa chenye bluu ileile.

"Shikamoo, baba," alisema, bila kumtazama, akawapisha waliokuwa wakisukuma machela ya chumba cha upasuaji.