Nguchiro na Neno "Hatari"

Nguchiro mmoja mzee alikuwa mlinzi wa ukoo wake. Kila alipomwona tai alipiga kelele, "Hatari!" na wote wakatumbukia shimoni.

Vijana wakalipenda mno neno lile. Mende mtamu wakamwita hatari, mkia mrefu ukawa hatari, na anayejua kucheza, basi huyo ni hatari tupu!

Siku moja tai akatokea. Mzee akapaza sauti, "Hatari! Hatari hiyo!"

Kijana aliyekuwa akicheza juu ya kichuguu akafurahi. "Asante, babu!" akasema, akaruka juu zaidi.

Tai akamnyakua.

Wenzake wakakimbilia shimoni, kisha wakachungulia. "Duh! Yule tai ni hatari!"

"Hatari ipi?" mzee akauliza.

Hakuna aliyejua.